"Kaka, huo mlima utakuwa na pilau?"

Msomaji wangu, kama unataka kuwajua washkaji zako vizuri, wala usihangaike kuwapima kwa mambo makubwa. Watangazie tu kwamba unachangisha. Lakini isiwe ya harusi, wala ya kipaimara, wala ya msiba. Waambie unachangisha hela ya kwenda kupanda Mlima Kilimanjaro. Hapo ndipo utamjua nani ni nani!

Mimi mwenzio nimeyaona. Mwezi wa nane nilifungua kundi la WhatsApp, nikaweka watu 64, nikaandika kwa adabu zote: "Ndugu, jamaa na marafiki, kijana wenu natarajia kusimama kilele cha Uhuru tarehe 9 Desemba. Naomba mniunge mkono kwa chochote." Ndani ya saa moja watu tisa walikuwa wameshajitoa. Mmoja akauliza, "Kaka, huo mlima utakuwa na pilau?" Mwingine akataka kujua kadi ya singo ni shilingi ngapi na ya dabo ni shilingi ngapi. Binamu yangu, ambaye harusi yake nilimchangia elfu hamsini nikiwa sina mbele wala nyuma, alituma kikaragosi kinacheka mpaka machozi. Basi, ukawa ndio mchango wake.

Siwalaumu sana. Bongo tumezoea kuchangia kitu chenye meza. Ukichangia harusi utavaa, utakula, utacheza na utaondoka na picha. Sasa mlima wa mtu mwingine utaula wapi? Hata bi mkubwa nyumbani hakunielewa. "Mwanangu," aliniambia, "wazungu wanaupanda kwa sababu kwao haupo. Wewe umeuona tangu una nepi, kila tukienda kijijini uko pale pale. Unafuata nini tena huko juu kwenye barafu?"

Swali zuri. Ngoja nilijibu.

ALIYEFIKA MLANGONI ASIINGIE

Mama yangu ni mtu wa Marangu. Kaka yake, yaani mjomba wangu, alibeba mizigo ya watalii kwa miaka 19. Kule mlimani wapagazi wanaitwa "wagumu", na jina hilo hawakupewa kwa bahati nasibu. Mgumu anabeba mahema, masufuria, gesi, viazi, mayai, mpaka meza na viti vya wageni, na bado anampita mgeni njiani ili chai ikutwe imechemka.

Basi katika miaka yote hiyo, mjomba hajawahi kufika kilele cha Uhuru. Hata mara moja! Sio kwamba aliogopa. Kazi ndivyo ilivyo: usiku wa kwenda kileleni mgeni anaondoka na waongozaji wake, wagumu wengi wanabaki kambi ya mwisho na mizigo. Mjomba amefika mlangoni mara ambazo hata yeye hazihesabu, lakini ukumbini hajaingia. Sasa magoti yamegoma, anatembea na fimbo, analima kahawa.

Krismasi iliyopita tukiwa nyumbani kwake alinitazama miguu, akasema, "Mjomba, nimewapeleka watu wa kila taifa mle ndani. Wa damu yangu, hata mmoja sijampeleka." Hakuongeza neno. Akaendelea kumenya ndizi. Mimi usiku ule sikulala vizuri, na ndipo safari ilipoanzia.

Tarehe nayo sikuiokota barabarani. Usiku wa kuamkia Uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliupandisha mwenge na bendera ya Tanganyika kwenye kilele hicho cha mita 5,895, kirefu kuliko vyote Afrika. Hadi leo kila inapokaribia siku hiyo kuna Watanzania wanaokwenda kupanda kwa makundi. Nikasema na mimi nimo.

HESABU MEZANI

Jambo moja wengi hawalijui: Mtanzania halipi hifadhi ya Kilimanjaro kama mgeni. Mgeni analipa kwa dola, sisi tunalipa kwa shilingi, na tofauti yake ni mbingu na ardhi. Hata hivyo usidhani ni hela ya chipsi mayai. Sheria za hifadhi haziruhusu ujipandie kama unapanda ngazi za ghorofa. Lazima uwe na mwongozaji mwenye leseni, na ukishakuwa na mwongozaji unahitaji mpishi, wagumu, chakula na malazi.

Mimi nimejiunga na wenzangu sita, tuko saba. Kwa siku sita njia ya Marangu, kila mmoja wetu anatakiwa kutoa shilingi 1,100,000. Basi na magari kwenda na kurudi, laki moja. Kukodi mfuko wa kulalia, koti zito, viatu na fimbo, 120,000. Bahshishi ya wagumu na waongozaji nimetenga 150,000. Jumla 1,470,000. Kwa kijana anayeishi kwa kuandika makala za kulipwa kwa kipande, hiyo ni hela ya kukutoa jasho kabla hata hujauona mlima.

Akiba yangu ilikuwa laki tano. Michango ya kundi, pamoja na kejeli zote, ilifika 410,000. Waliotoa ndio walionishangaza. Mama ntilie wa pale kijiweni alitoa elfu kumi bila kuulizwa. Fundi viatu alitoa elfu tatu na kunishonea soli bure. Matajiri wa mdomo, wale wa "nistue mwisho wa mwezi", nimewastua miezi miwili sasa.

Kilichonisaidia zaidi ni makoti. Nenda mitumba Karume asubuhi wakati wanafungua belo, utaona makoti mazito ya baridi yanatupwa pembeni kama yatima. Dar nani avae koti la manyoya na joto hili? Nikawa nayanunua kwa bei ya kutupa, nafua, naanika, napiga picha na kuwauzia vijana wanaokwenda vyuoni Mbeya, Njombe na Arusha. Faida 260,000! Jumla nikawa na 1,170,000. Pengo laki tatu.

Na usifikiri kuchangisha kwa ajili ya mlima ni ushamba wa uswahilini. James Kagambi wa Kenya, aliyefika kilele cha Everest Mei 2022 akiwa na miaka 62, alikwenda na timu ambayo sehemu ya hela zake zilichangishwa mtandaoni. Everest ndiko bei zinapokatisha tamaa: tangu Septemba 2025 Nepal inatoza dola 15,000 kwa kibali peke yake, hujala, hujalala. Lakini hata huko Mtanzania ameshafika. Wilfred Moshi, mwongozaji wa hapa hapa Kilimanjaro, alisimama juu ya Everest Mei 2012, wa kwanza kutoka nchi hii. Na mwaka 2021 Rawan Dakik, binti wa Kitanzania wa miaka 20, naye akafika. Kwa hiyo anayecheka acheke, ila asiseme haya mambo si ya kwetu.

MAZOEZI YA MJI TAMBARARE

Shida ya Dar ni kwamba iko usawa wa bahari. Kilima kirefu kwa wengi wetu ni daraja la juu la mwendokasi. Nikajiongeza. Kariakoo kuna ghorofa nane ambalo mlinzi wake ni mshikaji, basi kila jioni maduka yakifungwa napanda na kushuka mara kumi nikiwa na begi lenye dumu la lita kumi za maji. Wiki ya kwanza nilishuka ngazi kinyumenyume kwa sababu mapaja yalikataa kukunja. Jumapili nakwenda vilima vya Pugu. Watoto wa kule wameshanizoea, wananiita "mwanajeshi".

Mwezi wa tisa nilikwenda Morogoro kupanda Lupanga, kile kilele cha Uluguru kinachouangalia mji. Mita 2,138. Msomaji, usiudharau ule mlima! Njia inapanda wima kwenye mizizi yenye utelezi, na ukungu unakuvaa kama shuka. Nilirudi mjini jua linazama, nikala sahani mbili za ugali na bado nikauliza kama kuna ukoko.

Lakini kuna kitu ambacho hakuna ngazi wala Lupanga itakufundisha. Ukifika Uhuru, kila pumzi unayovuta ina kama nusu tu ya oksijeni unayoipata ukiwa ufukweni Coco. Mwili unahitaji siku za kuzoea hali hiyo, na hauangalii una misuli kiasi gani. Mbeba vyuma anaweza kutapika akageuzwa, bibi wa miaka sitini akapita polepole na kufika. Hili nilikuwa nalisoma tu. Kulielewa, nilikwenda kulielewa Marangu.

KUTOKA MBEZI MPAKA MLANGONI

Nilitaka niuone mlango kabla ya siku yenyewe, kwa hiyo mwezi huu nilichukua basi la saa 12 asubuhi pale kituo cha Magufuli, Mbezi. Hii barabara naipenda. Ukishavuka Chalinze na mto Wami joto linakuwa la kweli. Segera waendao Tanga wanatuacha, sisi tunakata kushoto. Kisha mashamba ya mkonge yamejipanga kama wanafunzi mstarini, na kulia Usambara inasimama na mawingu yake. Korogwe machungwa yanapita madirishani. Mombo, wa Lushoto wanashuka. Baada ya hapo nchi inakauka, ni miiba na vumbi, mpaka Same, na milima ya Upare inakusindikiza mkono wa kulia kama ndugu asiyependa kuaga.

Kuanzia Mwanga abiria wote wanakuwa kimya, shingo zimepinda. Kilimanjaro una maringo, mchana kutwa unajifunika. Siku ile ulijifunua saa kumi na moja jioni. Barafu juu ya mawingu, chini yake hakuna kitu, kama umeelea. Dereva ambaye bila shaka anauona kila wiki naye alipunguza mwendo.

Himo nikashuka, nikapanda Noah mpaka Marangu Mtoni tukiwa tumebanana kama dagaa. Hewa inabadilika ghafla. Migomba, kahawa, mifereji inaimba pembeni ya njia. "Shikamoo mjomba." "Marahaba, karibu. Mbona umekonda, au ndiyo mazoezi?" Usiku ule nilikula machalari, nikalala chini ya mablanketi matatu. Na hapo bado ni kijijini tu, mlima haujaanza!

Asubuhi mjomba alinisindikiza na fimbo yake hadi getini, kama mita 1,900 juu ya bahari. Getini pana kumbukumbu ya Hans Meyer, Mjerumani aliyefika kileleni mwaka 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, na wamekumbukwa pia wenyeji waliowaongoza, akiwemo Yohani Kinyala Lauwo wa hapa hapa Marangu. Lakini mjomba hakusimama kwenye kumbukumbu. Alinipeleka kwenye mzani.

Wagumu walikuwa kwenye foleni, kila mmoja anaweka mzigo wake. Kikomo ni kilo 20. Kilichozidi kinapunguzwa hapo hapo. "Sisi tulipoanza," mjomba alisema, "mzani ulikuwa ni mgongo wako."

Nilipanda na mwongozaji, rafiki wa mjomba, matembezi ya siku moja hadi vibanda vya Mandara, karibu kilomita nane ndani ya msitu. Miti ina ndevu za kijani. Mbega wanaruka juu yako na mikia yao myeupe kama wamevaa nguo za harusi. Nilianza kwa kasi ya ghorofa la Kariakoo. Mwongozaji akatabasamu: "Kaka, unawahi nini? Juu hakufungwi." Nikashika mwendo wake, mguu baada ya mguu, mwendo wa bibi harusi. Mandara ni mita 2,700 hivi. Tukasogea mpaka ukingo wa kasoko ya Maundi, na pale, kwa dakika kama tano, Kibo na Mawenzi vikajitokeza pamoja. Sikupiga picha. Nilikaa chini.

Kutoka pale, mwongozaji alinionyesha kwa kidole, kuna Horombo, mita 3,720. Halafu jangwa lenye baridi mpaka Kibo, mita 4,700 na ushee. Kisha saa sita za usiku unaamshwa, unakunywa chai na biskuti, unawasha tochi ya kichwani na kupanda karibu mita 1,200 za changarawe gizani, baridi ikishuka nyuzi kumi na zaidi chini ya sifuri. Asubuhi ndiyo Uhuru, kama mwili umekubali.

BEI IKISHUKA

Sasa njoo kwenye lile pengo langu la laki tatu. Siku niliyokuwa Moshi mjini kutafuta soksi za sufi pale soko la Memorial, jamaa mmoja alinishika mkono. Ana dili. Siku tano badala ya sita, wagumu wachache, 950,000 kila kitu. Nilipiga hesabu haraka haraka: naokoa 150,000, pengo linabaki nusu! Nikarudi Marangu nimechangamka, nikamweleza mjomba.

Mzee alikaa kimya mpaka kahawa ikapoa. Kisha akanieleza kama anavyomweleza mtoto. Siku ya sita, alisema, ndiyo ile unayolala Horombo mara mbili. Mchana unapanda kidogo kuelekea Mawenzi, unashuka kulala chini. Huendi popote, lakini damu yako inajifunza. Ukiikata siku hiyo, unampeleka kileleni mtu ambaye mwili wake bado uko Kariakoo. Kichwa kitauma, utatapika, hilo la kawaida. Balaa ni maji yakijaa kwenye mapafu au ubongo ukivimba. Hapo dawa kuu ni kushuka mara moja, na asiyeshuka anaweza kufa. Amewabeba wa namna hiyo kwenye machela, usiku, mvua inanyesha.

Nilimkumbuka Cheruiyot Kirui, Mkenya aliyekuwa mfanyakazi wa benki, mpanda mlima wa kupenda tu kama mimi ila mwenye uzoefu mara mia. Mei 2024 alikwenda Everest kujaribu kufika bila mtungi wa oksijeni. Yeye na mwongozaji wake Mnepali hawakurudi. Kama mtu mwenye uwezo ule mlima ulimchukua, mimi wa ngazi za ghorofa nane nikate siku kwa sababu ya 150,000?

"Na hao wagumu wachache," mjomba akamalizia, "mizigo itapungua? Sufuria ni zile zile. Bei ikishuka namna hiyo, mjomba, ujue kuna mgongo unaoilipia." Akanihesabia: mtu anabebeshwa mzigo wa wawili ukishapita mzani, anakula mara moja kwa siku, na malipo anaambiwa asubiri bahshishi. Yeye mwenyewe alishapanda siku sita akarudi nyumbani na deni.

Hapo nikaelewa kitu ambacho kwenye ujumbe wangu wa kundi hakikuwemo. Ile 1,470,000 hainunui kilele. Kilele hakiuzwi, unaweza kulipa yote na kugeuzia njiani. Hela ile inanunua kurudi. Inanunua siku ya kupumzika, mwongozaji anayekuangalia macho na kukwambia basi inatosha, na mgumu aliyekula akashiba. Ukipunguza hela, unapunguza hapo.

Nikamjibu jamaa wa Moshi kwamba asante, nimeghairi. Nikaandika upya kwenye kundi, safari hii bila maneno ya kupamba: nimepungukiwa laki tatu, siku ni sita, wagumu watalipwa sawasawa, na kama tarehe 20 Novemba pengo halijaziba, naahirisha. Wenzangu sita watatangulia, mimi nitakwenda Februari, mvua za vuli zikiwa zimekatika. Uhuru wa Februari ni mita 5,895 zile zile. Milima haikutani, wala haihami.

Hakuna aliyecheka safari hii. Wawili wakauliza namba ya kutumia. Na jana usiku simu ikalia mlio wa M-Pesa: shilingi 20,000 kutoka kwa bi mkubwa, ambaye tangu mwezi wa nane alikuwa amegoma katakata. Akanipigia mwenyewe. "Mwanangu, hiyo sio ya mlima," akasema. "Mlima siutaki. Hiyo ni ya wagumu. Kaka yangu wageni wengi walimsahau."

Pengo sasa 280,000. Nawe msomaji, kama una ndoto kama hii, anza mapema: weka akiba mwaka mzima, jiunge na kundi mgawane gharama, uliza wagumu wanalipwa kiasi gani kabla hujauliza bei yako, na anayekuuzia siku chache kwa bei poa mwambie hapana. Begi langu lipo nyuma ya mlango na dumu lake la lita kumi. Leo jioni nina zamu ya ngazi, mara kumi, na mlinzi amesema lifti imepona lakini ataificha funguo.